Naomba ushauri: takwimu za Ruaha Mkuu zina mapengo, nizijaze au niziache?

Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye tasnifu ya uzamili. Nafuatilia kwa nini Ruaha Mkuu, mto uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kiangazi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wapo wanaolaumu mvua, wapo wanaolaumu mifereji ya mashamba ya mpunga inayochepusha maji kule Usangu, sehemu ya juu ya mto. Mimi naegemea mifereji, maana hata mwaka 1998, baada ya mvua zile za El Nino, mto ulikauka tena.

Sasa kazi ipo kwenye takwimu. Nimepata picha za daftari la kina cha maji: kuna miezi mitupu kabisa, na ukurasa mmoja una 1.42 siku kumi na moja mfululizo, kalamu ileile, mwandiko uleule. Hapo msomaji wa kipimo hakushuka mtoni, tusidanganyane.

Mvua nina afueni, nitatumia CHIRPS, takwimu za mvua za setilaiti zinazoanzia 1981. Lakini mtiririko wa mto setilaiti hainipi.

Waliowahi kufanya haidrolojia: mapengo ya kiangazi niyajaze kwa kulinganisha na kituo kingine cha kupimia, kilichoko juu zaidi mtoni? Naogopa, kwa sababu kati ya kituo hicho na changu ndipo maji yanapochepushwa, nikijaza hivyo nitakuwa nimefuta kitu ninachokitafuta. Na zile siku kumi na moja nizitupe, au nizitaje tu? Msimamizi anataka sura ya tatu wiki ijayo.