Kasi 30 kwenye barabara za makazi: tuwabane madereva sasa au tusubiri njia za miguu?

Mbio_za_Alfajiri (mleta mada): Nauliza kwa nia njema. Barabara zinazopita katikati ya makazi ziwekewe kikomo cha kilomita 30 kwa saa, matuta, na vivuko vilivyoinuliwa? Au tusubiri kwanza kila barabara ijengewe njia ya waenda kwa miguu? Mimi nasema kasi kwanza, njia za miguu zitachukua miaka. Na wakimbiaji wenzangu, tukiziba masikio kwa hedifoni tusilalamike sana.

Usukani: Kibao hakimpunguzii mtu mwendo. Barabara pana iliyonyooka inamwambia dereva "kanyaga", wewe unamwandikia 30 kwenye bati! Ifinyeni barabara yenyewe, ataenda taratibu bila kuambiwa. Matuta ndiyo sitaki kuyasikia. Mgonjwa anakimbizwa hospitali, mnamrusharusha.

Visigino: Mleta mada, hapo kwenye hedifoni umenichoma. Nikigongwa kosa ni la muziki wangu? Kiziwi naye asitoke nje? Dereva amefunga vioo, redio inapiga mpaka milango inatetemeka, na hakuna anayemwambia azibue masikio.

Usukani: Dereva ana vioo vitatu vya kutazama nyuma. Kisogo chako kina jicho?

Visigino: Ndiyo maana nakimbia nikiyatazama magari yanayokuja. Inaelekea wewe hujawahi kukimbia hata kuwahi basi.

Mzee_wa_Kona: Kuyatazama magari ni sawa pale ambapo hakuna njia ya miguu, ila si kila mahali. Penye kona isiyoonekana mbele, ukibana upande wa ndani dereva anakuona mkiwa mmeshafikiana. Mimi huvuka kabla ya kona, nikiimaliza narudi upande wangu. Kundi lijipange mstari mmoja, si kutembea watano sambamba kama mnasindikiza harusi. Na usiku msidanganyane na fulana nyeupe. Vaeni mkanda unaoakisi mwanga, tena kwenye vifundo vya miguu, maana kinachopanda na kushuka ndicho jicho la dereva hukidaka upesi likajua huyo ni mtu.

Hesabu_Tupu: Jamani, mada. Helsinki ilimaliza 2019 bila mtembea kwa miguu hata mmoja kufa barabarani. Oslo vilevile mwaka huohuo. Helsinki walishusha kasi, Oslo wakaondoa na maegesho katikati ya mji. Waliolianza wazo la vifo sifuri ni Sweden, kama 1995 hivi.

Mzee_wa_Kona: 1997. Lilipita bungeni kwao.

Usukani: Huko njia za miguu zilikuwepo tangu zamani, usituchanganyie. Mbona hutaji Wales? Septemba 2023 walishusha hadi maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, watu zaidi ya laki nne na nusu wakasaini kupinga.

Hesabu_Tupu: Kusaini ni haki yao. Ila ukitoka 30 kwenda 60, umbali wa kusimama kwa breki hauwi mara mbili, ni mara nne. Nguvu ya kugonga vilevile. Hilo halibadiliki hata wakisaini milioni.

Usukani: Mwalimu wa fizikia kafika. Tukae kimya sasa.

Kiti_Mwendo: Mimi natumia kiti cha magurudumu. Kwangu njia ya miguu ipo, tena nzuri, imejaa magari yaliyoegeshwa. Kwa hiyo nashuka barabarani, na pa kushukia hapana mteremko, ni ukingo mkavu, nasubiri mpita njia anishike. Mkiweka 30 nitashukuru. Mkiyaondoa hayo magari nitashukuru zaidi.

Usukani: Pole sana. Mimi siegeshi hapo.

Visigino: Hakuna aliyekutaja wewe. Na la redio bado hujajibu.

Usukani: Redio yangu inasoma habari. Na mbio nilikimbia sana tu, kabla hujazaliwa.

Mzee_wa_Kona: Ulikuwa unakimbilia upande gani wa barabara?

Usukani: Uwanjani.

Mbio_za_Alfajiri: Sawa, nimeifuta ile sentensi ya hedifoni. Turudi kwenye 30 tafadhali. Kiti_Mwendo kasema jambo kubwa, mmelipita.

Visigino: Umeifuta? Sasa wanaokuja kusoma wataona mimi ndiye niliyeanza ugomvi. Irudishe.