Naomba ushauri: boda anayenisambazia chakula anataka tubadili malipo

Wakuu, habari za saa hizi. Napika chakula cha mchana hapa Sakina, Arusha, na kijana mmoja wa bodaboda ananipelekea kwa wateja mjini na Njiro. Pikipiki ni yake, hana mkataba wa mtu. Tulianza kwa 2,000 kila safari, mafuta juu yake, na siku nzuri anapiga safari tano.

Sasa anataka 15,000 kwa siku, mafuta juu yangu, hata siku ambayo oda ni tatu tu. Simlaumu, petroli imepanda na ile njia ya Njiro ni ndefu. Shida yangu ni muda. Nikimwambia aje saa tano kamili, anatokea saa sita kasoro na abiria kampakia. Alhamisi iliyopita wali umefika kwa mteja saa nane na robo, mchuzi umemwagikia kwenye mfuko, nikarudisha hela ya watu wanne.

Ila ni mwaminifu jamani. Hela ya wateja hajawahi kupunguza hata mia, na wateja wamemzoea, wanamwita shemeji.

Nimefikiria kumpa 10,000 ya uhakika kuanzia saa tano hadi saa nane bila kupakia abiria, mafuta tugawane, na safari zikizidi tano namwongeza. Mnaoendesha boda au mnaofanya nao kazi, hiyo inalipa au namwonea? Na akichelewa nimkate, au itatugombanisha?