Kuchuchumaa hadi chini kabisa: kunaharibu magoti au kunayasaidia?

Mwendopole

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nina umri wa miaka 52, kazi yangu ni ya kukaa kitini tangu asubuhi hadi jioni, na kwa muda sasa nimeona kwamba kukaa sakafuni na kuinuka bila kushika kitu kunanipa taabu isiyolingana na umri wangu. Magoti hayaniumi, sijawahi kuyaumiza wala kufanyiwa upasuaji. Ninachokihisi ni kukaza kwa nyonga na vifundo vya miguu: nikichuchumaa, visigino vinanyanyuka kabla mapaja hayajafika usawa wa sakafu, na nikivilazimisha vibaki chini, naanguka kinyumenyume.

Ningependa kuurudisha uwezo huu, lakini ushauri ninaoupata unagongana. Mwalimu mmoja wa mazoezi anashikilia kwamba goti lisipinde kupita nyuzi 90, kwa sababu chini ya hapo pia ya goti inasagika na ligamenti (kamba ngumu zinazounganisha mfupa na mfupa) zinalegea. Wengine wanasema kuchuchumaa hadi chini ni dawa ya viungo vyote na kwamba kila mtu anapaswa kufanya hivyo kila siku. Naomba wenye ujuzi wanisaidie: katazo hilo limetoka wapi na lina ukweli kiasi gani? Je, kuna watu ambao kwao zoezi hili kweli ni hatari? Na mtu aliyekaza kama mimi aanzie wapi?

Tabibu wa Viungo

Ndugu Mwendopole, katazo hilo lina asili inayojulikana. Mwaka 1961 Karl Klein wa Chuo Kikuu cha Texas alichapisha utafiti uliolinganisha magoti ya wanyanyua vyuma waliozoea kushuka hadi chini na magoti ya watu wasiofanya zoezi hilo, akahitimisha kwamba kushuka chini kunalegeza ligamenti za goti. Hitimisho lake lilienea upesi kwa makocha na hata katika mafunzo ya kijeshi ya Marekani, na tangu hapo wanafunzi wamelirithi kutoka kwa walimu wao bila kuuliza limepimwa vipi. Watafiti waliofuata hawakupata alichokipata Klein. Mwaka 1989, kwa mfano, Chandler na wenzake waliwafuatilia watu waliofanya mazoezi ya kuchuchumaa kwa wiki 8, wengine wakishuka nusu na wengine hadi chini, na hawakuona uthabiti wa magoti umepungua. Wanyanyua vyuma wazoefu nao hawakuonekana kuwa na magoti yaliyolegea kuliko ya watu wengine.

Inafaa tuelewe kinachotokea ndani ya goti lenyewe, kwa sababu hapo ndipo hofu ya nyuzi 90 inapopungua nguvu. Ligamenti ya msalaba ya mbele, ambayo ndiyo wengi wanaihofia, huvutwa zaidi goti likiwa limepinda kidogo tu, na mvuto huo hupungua kadiri mtu anavyoendelea kushuka. Ligamenti ya msalaba ya nyuma hubeba zaidi goti likiwa limepinda sana, lakini katika goti lisilo na jeraha mzigo huo uko chini ya kiwango cha kuikata. Pia ya goti nayo hukandamizwa zaidi na zaidi hadi kufikia kwenye nyuzi 90 au karibu na hapo. Baada ya hapo mambo mawili hutokea: kano ya misuli ya mbele ya paja hulalia mfupa wa paja na kuchukua sehemu ya mzigo, kisha nyuma ya paja hukutana na kigimbi, na mgusano huo nao hupunguza nguvu inayoliangukia goti. Hagen Hartmann na wenzake walipozichambua tafiti za aina hii mwaka 2013, hawakuona sababu ya kuwakataza watu wenye magoti mazima wasishuke hadi chini, mradi wafanye kwa ufundi na mzigo uongezwe polepole.

Tena kuna jambo ambalo mwalimu wako huenda hakulitazama. Anayeishia kwenye nyuzi 90 anafunga breki na kugeuza mwendo pale pale ambapo mkandamizo ni mkubwa, na kwa kuwa kushuka nusu ni rahisi, mara nyingi hujitwisha chuma kizito kuliko ambacho angeweza kukiinua kutoka chini. Kwa hiyo katazo lililokusudiwa kumlinda linaweza kumwongezea mzigo.

Faida ya kuchuchumaa kwa viungo inatokana na kitu cha msingi. Gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, haina mishipa ya damu. Inalishwa na ute wa kiungo, unaoingia na kutoka kila inapokandamizwa na kuachiwa, kama sifongo. Goti lisilokunjwa kikamilifu kwa miaka linaziacha sehemu zake fulani bila mkandamizo huo, na nyonga na kifundo vivyo hivyo hupoteza upeo wa mwendo usiotumika. Sisemi kwamba kuchuchumaa kunatibu kila kitu. Nasema kwamba mwendo unaotumika mara kwa mara ndio unaobaki.

Bi Mwangalifu

Nakubaliana na Ndugu Tabibu kuhusu zoezi, ila ningependa tutenganishe vizuri kuchuchumaa kwa mazoezi na kuchuchumaa kwa saa nyingi kila siku, kwa sababu nimeona watu wakichukua ushahidi wa jambo moja na kuutumia kwa jingine. Utafiti uliofanyika Beijing na kuchapishwa mwaka 2004 uliwauliza wazee walikuwa wakichuchumaa kwa muda gani kwa siku walipokuwa na umri wa miaka 25, na ukaona kwamba waliochuchumaa kwa muda mrefu zaidi ndio walioonekana zaidi kuwa na ugonjwa wa kusagika kwa magoti. Wanaofanya kazi za kuchuchumaa na kupiga magoti kutwa, hasa pamoja na kuinua mizigo, wamejitokeza katika tafiti nyingine pia. Hilo halipingi zoezi la dakika chache, bali linaonyesha kwamba muda ni sehemu ya kipimo, kama ulivyo uzito.

Mkao huu ukirefushwa unaweza pia kuibana neva inayopita upande wa nje wa goti, chini kidogo ya kiungo. Dalili yake ni ganzi juu ya wayo, na ikizidi, mtu hushindwa kuunyanyua mguu anapotembea. Miguu ikianza kufa ganzi, inuka; usiichukulie ganzi kuwa sehemu ya zoezi.

Kuhusu wanaopaswa kujizuia, Ndugu Mwendopole, wa kwanza kwangu ni mwenye meniski iliyochanika, yaani kile kipande cha gegedu kilicho kama mto kati ya mifupa ya goti. Goti linapokunjwa hadi mwisho, mfupa wa paja husogea nyuma na kuukandamiza upande wa nyuma wa meniski, ambao ndio huchanika mara nyingi. Goti linalonasa, linalovimba baada ya shughuli au linalomtoka mtu akiwa anatembea lichunguzwe kwanza. Mwenye goti au nyonga ya bandia afuate maelekezo ya aliyemfanyia upasuaji, kwa kuwa baadhi ya viungo bandia havikutengenezwa kukunjwa kiasi hicho. Mwenye maumivu makali ya kinena kila anapokunja nyonga huenda ana mifupa inayogongana mapema, na kulazimisha kutamwongezea madhara.

Jambo jingine linalosahaulika ni shinikizo la damu. Mtu anapochuchumaa, damu ya miguuni husukumwa kurudi moyoni na shinikizo hupanda. Anaposimama ghafla, hushuka kwa muda mfupi na kizunguzungu kinaweza kumwangusha. Anayetumia dawa za shinikizo la damu na mtu mwenye umri mkubwa wainuke taratibu, wakiwa wameshika kitu imara.

Mwendopole

Nashukuru sana kwa maelezo haya. Sina dalili hata moja kati ya hizo alizozitaja Bi Mwangalifu. Linalobaki kwangu ni visigino. Nimekuwa nikinyoosha vigimbi kwa kuegemea ukuta, mguu wa nyuma ukiwa umenyooka, na bado visigino vinanyanyuka vile vile. Je, nivumilie tu, au kuna ninachokikosea?

Mwalimu wa Mwendo

Ndugu yangu, unanyoosha msuli ambao haukuzuii. Kigimbi kina misuli miwili mikubwa. Ule wa juu huanzia juu ya goti, kwa hiyo goti likikunjwa unalegea wenyewe. Ndio unaounyoosha mguu ukiwa umenyooka. Ule wa ndani huanzia chini ya goti, na huo ndio unaokaza unapochuchumaa. Kunyoosha kwake ni kwa goti lililokunjwa: egemea ukuta vile vile, lakini lishushe goti la mguu wa nyuma mbele na chini huku kisigino kikiwa kimekanyaga, mpaka uhisi mvuto karibu na kisigino kuliko katikati ya kigimbi.

Kabla ya hapo jipime. Simama ukiukabili ukuta, tanguliza mguu mmoja, kisha lisukume goti mbele liguse ukuta bila kisigino kuachana na sakafu, ukirudisha wayo nyuma kidogo kidogo hadi ufike mwisho wa uwezo wako. Kidole gumba kikiwa mbali na ukuta kwa kiasi cha sentimita 10, kifundo chako kina mwendo wa kuridhisha. Kikiwa kwenye sentimita 3 au 4, basi sababu ya kuanguka kinyumenyume umeipata. Kuanguka huko hakutokani na udhaifu wa miguu. Goti lisiposonga mbele, uzito wa mwili hubaki nyuma ya visigino, na hakuna nguvu ya misuli itakayoubadilisha ukweli huo. Angalia pia ni wapi panapokuzuia: mvuto ukiwa nyuma, ni msuli, na utaachia kwa kunyooshwa, ukihisi kitu kimebanwa mbele ya kifundo, huenda ni kiungo chenyewe, na hapo kunyoosha kigimbi peke yake hakutatosha.

Wakati kifundo kinafunguka, usisubiri. Weka ubao wenye unene wa sentimita 2 au 3 chini ya visigino, shika nguzo au meza isiyosogea, kisha shuka polepole mpaka unapoweza kupumua bila kujikaza, ukae hapo kidogo, uinuke. Mikono ibebe sehemu ya uzito wako mwanzoni. Hiyo si dosari, ndiyo njia ya kuupa mwili nafasi ya kuuzoea upeo mpya bila kujihami. Kadiri majuma yanavyopita, punguza msaada wa mikono kwanza, kisha unene wa ubao. Usiongeze uzito wa chuma kabla hujaweza kushuka na kuinuka kwa utulivu bila kushika kitu, kwa kuwa misuli hupata nguvu mapema kuliko kano, na mwenye haraka huumia kwenye kano.

Nyayo uziweke vipi? Hapa nasisitiza kwa sababu watu wanateswa na picha za mkao mmoja. Tundu la nyonga hutofautiana kwa kina na kwa mwelekeo kutoka mtu hadi mtu, na shingo ya mfupa wa paja vivyo hivyo. Mmoja atashuka vizuri nyayo zikiwa karibu na zikitazama mbele, mwingine atahitaji kuzipanua na kuzigeuza nje. Mwenye mapaja marefu atainama mbele zaidi, na hana kosa. Jaribu mikao kadhaa, uchague ule ambao magoti yanafuata uelekeo wa vidole vya miguu na nyonga hazibanwi.

Tabibu wa Viungo

Mwalimu amelieleza vizuri. Naongeza kuhusu lengo ulilolitaja mwanzoni, yaani kuinuka kutoka sakafuni. Mwaka 2012 Claudio Gil Araújo na wenzake wa Brazili walichapisha utafiti wa watu 2,002 wenye umri wa miaka 51 hadi 80, waliopimwa uwezo wa kukaa sakafuni na kuinuka wakijishikiza kidogo iwezekanavyo. Waliopata alama za chini walikuwa na vifo vingi zaidi katika miaka iliyofuata. Tusiufanye utafiti huo useme kwamba kuchuchumaa kunarefusha maisha, maana anayeshindwa kuinuka mara nyingi ana udhaifu au maradhi mengine. Lakini unatuonyesha kwamba uwezo huo unakusanya pamoja nguvu, usawa wa mwili na mwendo wa viungo, na unastahili kufanyiwa kazi wenyewe. Kwa hiyo usiishie kwenye kuchuchumaa tu. Jizoeze pia kupiga goti moja na kuinuka kutoka hapo, kwa pande zote mbili, kwa sababu ndivyo watu wengi wanavyoinuka kweli kutoka sakafuni.

Bi Mwangalifu

Nami nikuachie kipimo cha kujiongoza, Ndugu Mwendopole. Mvuto kwenye kigimbi, kwenye kinena au mbele ya paja, unaoisha ukisimama, si wa kuogopwa. Maumivu ya kuchoma ndani ya goti, au uvimbe unaoonekana kesho yake asubuhi, ni ishara ya kupunguza kina na muda, na yakijirudia hata baada ya kupunguza, nenda ukachunguzwe. Mlio wa goti usioambatana na maumivu wala uvimbe hauhitaji kukusumbua. Anza kwa dakika moja au mbili kwa siku ukizigawa, na uongeze tu pale ambapo goti la kesho yake halilalamiki.