Siku 12 kwenye pwani ya Mediteranea: familia ya watu wanne kutoka Tanga ianzie wapi?

Mama wa Chumbageni aliuliza:

Assalaam alaykum, na salamu kwa wote. Mimi na mume wangu tunaishi Chumbageni, Tanga, na kwa miaka mitatu tumekuwa tukidunduliza fedha kwa ajili ya safari moja kubwa kabla magoti ya mama mkwe wangu, ambaye sasa ana umri wa miaka 64, hayajamshinda kabisa. Tutakuwa wanne pamoja na binti yetu wa miaka saba, na kwa kuwa shule hufungwa mwezi wa Juni, tumepanga kusafiri Juni mwakani kwa siku 12.

Mume wangu amekwisha kuandika kwenye daftari Barcelona, Nice, Roma, Athens na Dubrovnik, siku mbili mbili kila mji, kisha akaiunganisha kwa mstari wa kalamu nyekundu kana kwamba ni vituo vya basi kati ya Tanga na Segera. Mimi nina mashaka, lakini sina hoja za kumshinda. Naomba kujua kama mpango huo unatekelezeka, viza tuombe ubalozi wa nchi gani, na hali ya chakula na sala ikoje huko. Mama mkwe naye ameuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: mtu aliyekulia Raskazone, anayeiona bahari kila anapofungua dirisha, anatoa fedha zote hizo kwenda kutazama bahari nyingine kwa sababu gani?

Karani wa Safari alijibu:

Dada, wa alaykum salaam. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, na kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kuwaandalia wasafiri makaratasi, kwa hiyo nitajibu upande huo na kuwaachia wengine upande wa bahari.

Nchi zote tano zenye miji hiyo mitano, ikiwemo Kroatia iliyojiunga mwaka 2023, zimo katika eneo la Schengen, hivyo viza moja inatosha kuzizunguka. Ugumu uko kwenye swali la nchi gani iombwe. Kanuni ni kwamba ombi hupelekwa kwa nchi ambako mtakaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, hupelekwa kwa nchi mtakayoingia kwanza. Daftari la shemeji lina siku nne Italia? Hapana, lina mbili mbili kila nchi, kwa hiyo jibu la kanuni ni Hispania. Lakini afisa atakayelisoma ombi lenu ataona familia yenye mtoto na mtu mzima wa miaka 64 ikihama mara nne ndani ya siku kumi, na ana haki ya kujiuliza kama safari hiyo ni ya kweli. Mpango usioaminika ni miongoni mwa mambo yanayoangusha maombi ya watu wenye fedha za kutosha kabisa benki.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi chini ya 12, kwa hiyo ninyi mtalipa yuro 315 kabla ya gharama ya kituo cha kupokelea maombi pale kinapotumika, na fedha hiyo hairudishwi mkikataliwa. Ombi halipokelewi mapema kuliko miezi sita kabla ya safari, wala halipaswi kuchelewa hadi zikabaki siku chini ya 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, ila unaweza kufikia 45, ndiyo sababu mimi huwaambia wateja wa mwezi Juni wawe wamekamilisha kila kitu kufikia Machi. Watu wazima watatu mtafika wenyewe kutoa alama za vidole kama hamjawahi kuzitoa. Mtoto wa umri huo hachukuliwi alama, lakini fomu yake huwekwa saini na wazazi wote wawili na kuambatanishwa cheti cha kuzaliwa.

Bima ya safari itazameni kwa macho mawili. Lazima ifidie matibabu ya angalau yuro 30,000 na itumike katika eneo lote la Schengen kwa siku zote za safari. Mwaka juzi nilimwona mzee mmoja akirudishwa dirishani kwa sababu wakala aliyemkatia bima, ambaye sitamtaja, alikuwa amempa ya yuro 10,000 tu, na karatasi ilikuwa na mihuri mizuri kweli kweli.

Baharia wa Mwambani alijibu:

Nimefanya kazi kwenye meli kwa miaka mingi na bahari hiyo nimeipita kuanzia Port Said hadi Gibraltar, kwa hiyo nitamjibu mama mkwe, ambaye nampa shikamoo yake kwanza.

Mama, wewe unajua kwamba siku ya bamvua pale Mwambani maji hutoka hadi wanawake wakatembea mbali kwenda kuchokoa pweza, na mashua zikalala ubavu juu ya mchanga, kisha baada ya saa sita hivi maji yakarudi na kuzinyanyua. Kati ya kupwa na kujaa, maji yetu hupishana kwa mita tatu na zaidi. Mediteranea haina habari hiyo. Kwa sehemu kubwa ya pwani yake, tofauti ya kupwa na kujaa haifiki hata nusu mita, kwa kuwa ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu, na mlango wake wa Gibraltar una upana wa takribani kilomita 14 tu mahali pembamba, hivyo wimbi la kujaa kutoka Atlantiki haliwezi kupenya kwa nguvu. Ndiyo maana utaona nyumba na mikahawa imejengwa karibu kabisa na maji, na boti ndogo zimefungwa kwa kamba fupi ambayo kwetu sisi ingeining'iniza boti hewani ifikapo mchana. Mara ya kwanza nilikaa gatini asubuhi nzima nikisubiri maji yatoke, na hayakutoka. Nilihisi kama mtu anayemtazama mtu aliyeacha kupumua.

Maji yake yana chumvi nyingi kuliko yetu, kwa sababu jua na upepo huyakausha kuliko mvua na mito inavyoyajaza, na mwezi Juni bado yana baridi: kwenye pwani ya Ufaransa na Italia ni kama nyuzi 20 hadi 22, ilhali mtoto wa Tanga amezoea maji yasiyoshuka sana chini ya 25. Mwacheni aingie taratibu. Nice haina mchanga, ina mawe ya mviringo yanayochoma nyayo, kwa hiyo nunueni viatu vya kuogelea kabla ya kulalamika. Na kama sisi tulivyo na kaskazi na kusi, wao wana upepo uitwao mistral, unaoshuka kwenye bonde la mto Rhône ukiwa mkavu na wa baridi. Ukivuma, hata siku yenye jua kali mtahitaji sweta.

Bint Ngamiani alijibu:

Naunga mkono waliotangulia, na nasema wazi kwamba daftari la shemeji lifungwe. Mimi nilikwenda na mama yangu mzazi mwezi Juni, tukachagua kipande kimoja tu cha pwani, kutoka Nice hadi vile vijiji vitano vya Cinque Terre nchini Italia, na safari yote tuliifanya kwa treni. Reli hiyo inafuata ukingo wa bahari na kupita kwenye mahandaki mengi, kwa hiyo bahari inaonekana, inapotea, inaonekana tena, na mama alikuwa akikatisha kila sentensi yake ili asipitwe na dirisha linalofuata. Kutoka Nice hadi Ventimiglia, mji wa kwanza wa Italia, haifiki saa moja. Ingawa viza ni moja, pasipoti ziwe mkononi wala si ndani ya sanduku, kwa kuwa polisi wa Ufaransa hukagua treni kwenye mpaka huo, hasa zinazotoka Italia.

Kuhusu miguu ya mama mkwe: katika vijiji vile vitano, Corniglia uko juu ya jabali, na kutoka stesheni kuna ngazi zaidi ya 300, kwa hiyo muutazame kwa mbali. Monterosso ndio wenye ufuko mpana na sehemu kubwa tambarare. Sisi tulilala Levanto, mji wa jirani unaofikiwa kwa dakika chache za treni, ambako vyumba havikuwa ghali kama vya vijijini na kuna njia ya kutembea iliyokuwa ya reli ya zamani. Haina mlima hata kidogo, inapita ndani ya mahandaki yenye taa, na mama aliitembea kila jioni akiwa na kanga yake begani.

Chakula si tatizo kwa anayeuliza kabla ya kula. Nice wana socca, ambayo ni unga wa dengu, maji, chumvi na mafuta ya zeituni, unaomiminwa kwenye sinia kubwa la shaba na kuingizwa kwenye tanuri la kuni hadi kingo zinapobabuka. Mama alikula kipande cha kwanza, akanyamaza, kisha akasema hizi ni bajia zilizolazwa chali. Genoa wanayo pia na wanaiita farinata. Monterosso wanajulikana kwa dagaa wao wa kuweka kwenye chumvi, wakubwa kuliko dagaa mchele wetu. Angalizo ni kwamba kome na samaki wengi wa kuchemsha hutiwa mvinyo mweupe, na mpishi hatakwambia usipouliza kwa kuwa kwake ni kiungo kama ndimu. Nyama halali si vigumu kuipata Nice na Genoa, lakini vijijini tulibaki na samaki na mboga.

Sala ndiyo itakayowashangaza. Katikati ya Juni jua la Nice huzama kama saa tatu na robo usiku, na Isha huingia usiku mwingi, wakati binti yenu atakuwa amelala zamani. Isitoshe, tiketi zao huandikwa kwa saa 24. Mama yangu alisoma 07:40 akaitafsiri kwa saa zetu kuwa saa saba na dakika 40 mchana, mimi kwa uvivu nikamwamini, na tulipofika stesheni na mabegi yetu treni ilikuwa imeondoka saa sita kabla.

Mwalimu wa Bagamoyo alijibu:

Nashangaa hakuna aliyekumbuka kwamba Mediteranea ina pwani ya Afrika vilevile. Ndege huenda moja kwa moja kutoka Dar es Salaam hadi Kairo, na kutoka hapo treni hufika Aleksandria kwa takribani saa tatu. Mtapata barabara ndefu ya ufukweni, ngome ya Qaitbay iliyojengwa karne ya 15 mahali ulipokuwa mnara wa taa wa kale, maktaba kubwa iliyofunguliwa mwaka 2002, adhana kila upande, na hakuna haja ya kumhoji mpishi. Viza ya Misri mtaiomba peke yake bila shughuli za Schengen. Kwa familia yenye mtu mzima, mimi ningeanzia huko na kuiacha Ulaya kwa safari nyingine.

Mama wa Chumbageni aliandika tena:

Nawashukuru sana. Jana usiku niliwasomea majibu haya mezani. Mume wangu alitetea Dubrovnik kwa dakika kumi, kisha akaomba kifutio. Mama mkwe aliipenda Aleksandria, lakini habari ya bahari isiyopwa imemkaa kichwani, na anasema hata kule maji yatakuwa yale yale, kwa hiyo atachagua upande wenye treni inayopita pembeni yake.

Tumekubaliana kushukia Nice na kulala siku nne, kisha Levanto siku sita, na kurudi kupitia Milano, safari yote ikiwa kati ya tarehe 8 na 19 Juni. Kwa hesabu ya Karani, ubalozi wetu ni wa Italia ingawa tunaingilia Ufaransa, sivyo? Pili, kuna punguzo la nauli linaloisha Ijumaa, na mume wangu anataka kulipa. Pasipoti zetu tatu ni mpya; ya mama mkwe inakwisha tarehe 30 Agosti mwakani, zaidi ya miezi miwili baada ya kurudi.

Karani wa Safari alijibu:

Ndivyo, dada: siku sita Italia dhidi ya nne Ufaransa, ombi ni la Italia, na lango mnaloingilia halibadilishi chochote.

Punguzo la Ijumaa liacheni lipite. Ubalozi unahitaji kuona nafasi ya ndege iliyoshikwa, si lazima iwe tiketi iliyolipiwa, na hoteli nazo chukueni zile zinazoruhusu kughairi bila kukatwa. Tiketi zilipwe viza zikiwa mkononi, na majina yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye pasipoti.

Jambo lisilosubiri ni hiyo pasipoti ya mama. Schengen hutaka pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita na ibaki hai kwa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka kwao. Mkiondoka tarehe 19 Juni, inapaswa kufika tarehe 19 Septemba, na yake inaishia Agosti. Kwa hiyo, kwa upungufu wa siku 20, ombi lake lingekwama huku yenu matatu yakipita. Mpelekeni ofisi ya Uhamiaji ya mkoa hapo Tanga wiki hii, kabla hamjashika hata chumba kimoja, kwa sababu namba ya pasipoti mpya ndiyo itakayoandikwa kwenye bima yake na kwenye fomu ya viza.