Ushauri: Mark X nyeusi, nataka kuosha, kupitisha klei na kupaka waksi mwenyewe nyumbani

Mwanagati88
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa wanaojua rangi za magari. Gari ni Mark X nyeusi, kibati cha rangi kinasoma 202. Kivulini inapendeza, ila jua likipiga boneti na buti, inaonekana mikwaruzo midogo ya mviringo kama utando wa buibui. Nikipitisha kiganja baada ya kuosha, rangi inaparuza kama msasa laini, hasa kwenye buti na chini ya milango. Kuna vidoa vya lami. Mlango wa mbele kushoto umepigwa rangi wiki tatu zilizopita. Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi. Nina ndoo mbili, mpira wa maji, klei ya gramu 100 (ule udongo laini wa kunasa uchafu ulioganda kwenye rangi) na kopo la waksi ya kanauba (nta ya mmea). Mashine sina. Fundi mmoja kasema nianze na kompaundi. Nifuate mpangilio gani?

KliyaNaPolishi
Mkuu, kompaundi iweke kando kwanza. Hiyo ni dawa ya kula rangi, na kwa sasa hujui una unene gani wa kula.

Tuanze na hiyo mikwaruzo. Kwa kweli haiko ya mviringo. Ni mistari inayokwenda kila upande, ila mwanga unaonyesha ile tu inayoizunguka taa, ndiyo maana ukisogeza tochi na duara linahama. Karibu yote inatokana na kufuta vumbi kavu kwa dasta au kuosha kwa tambara lile lile lililopita kwenye tairi. Gari jeupe lina mikwaruzo hiyo hiyo, weusi hauifichi tu. Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye kuosha. Ukiosha vibaya, wiki mbili baada ya waksi utakuwa umerudi hapa hapa.

Osha asubuhi mapema au jioni, bodi ikiwa baridi kwa kiganja. Magurudumu yaoshe mwanzo, na ndoo yake na kitambaa chake. Halafu mwagia bodi nzima maji mengi bila kuigusa, mchanga wote unaoweza kuondoka kwa maji uondoke. Ndoo moja iwe na lita 10 za maji na shampuu ya gari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, ya pili maji matupu. Tumia glovu ya maikrofaiba, sponji iache, maana uso wake ni bapa na chembe ya mchanga inabaki juu ikichora. Anza paa, vioo, boneti, buti, nusu ya juu ya milango, malizia chini na bampa. Kila paneli moja, suuza glovu kwenye ndoo ya maji matupu kabla ya kuirudisha kwenye shampuu. Utaona mchanga umetuama chini ya ile ndoo; huo ndio ungekuwa unachora boneti.

Sabuni ya unga na ya vyombo usitumie kama sabuni ya kila wiki. Zinaondoa waksi na kukausha mipira ya milango.

Bandarini_TZ
Naongezea kwenye lami, maana ikibaki klei itaisambaza. Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, kikandamize juu ya doa kwa nusu dakika, kisha futa taratibu bila kusugua. Rudia hadi liishe, halafu osha sehemu hiyo kwa shampuu papo hapo. Usiguse mipira wala plastiki.

Sasa klei. Kipimo cha kujua kama unaihitaji: vaa mfuko laini wa plastiki mkononi, ule wa mkate unatosha, pitisha vidole kwenye rangi iliyooshwa. Mfuko unakuza hisia, na vipele ambavyo kiganja hakivisikii utavisikia. Mara nyingi ni vumbi la chuma la breki, utomvu wa miti na chembe za rangi ya kupulizia zilizopeperuka kutoka gereji.

Kata gramu 100 vipande vitatu, viwili weka akiba. Kipande kimoja kiloweke kwenye maji ya uvuguvugu hadi kilainike, kikande kiwe bapa upana wa vidole vitatu. Kwa gari jeusi iwe klei laini, ile kali itaacha ukungu utakaohitaji polishi nzito. Kilainishi ni maji yenye matone ya shampuu isiyo na waksi kwenye chupa ya kupulizia. Fanya eneo la sentimita 50 kwa 50, lilowe kabisa, na uteleze klei kwa mistari iliyonyooka, mkono mwepesi, vidole visikandamize. Mwanzoni utasikia inanata na kukwaruza. Ikianza kuteleza kimya, eneo limeisha. Igeuze uitazame: utaona michirizi ya kahawia au vidoa vyeusi. Ikunje, ikande, upate uso safi, ndipo uendelee.

Ikianguka chini, tupa kipande hicho. Usikisuuze ukajaribu tena. Chembe moja ya mchanga ndani ya klei inachora gari zima, na ndiyo sababu nimekuambia ukate vipande. Kwa matumizi ya kawaida, klei mara moja au mbili kwa mwaka inatosha kabisa.

Gongolamboto_Spray
Mimi sikubaliani moja kwa moja na kuikataa kompaundi. Mikwaruzo ikizidi, waksi itaificha tu, haitaiondoa.

KliyaNaPolishi
Ni kweli waksi inaficha tu. Ila kwa mkono tumia polishi laini, si kompaundi ya kukata. Kompaundi inaacha ukungu wake, na kuuondoa bila mashine ni mateso kwenye rangi nyeusi.

Kabla ya hapo kuna kipimo muhimu kwa 202. Ni nyeusi tupu isiyo na chembe za kung'aa, na magari mengi ya zamani yenye namba hiyo hayana kliya juu, yaani lile tabaka angavu linalofunika rangi. Weka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua sehemu iliyojificha chini ya buti. Kitambaa kikitoka cheusi, unagusa rangi yenyewe. Hapo pitisha polishi mara moja tu na uziruke kingo za boneti na mikunjo ya milango, maana hapo rangi huwa nyembamba kuliko kwingine. Mkwaruzo unaokwama ukucha, uache, polishi ya mkono haitaufikia.

Mwanagati88
Ahsanteni sana wakuu. Na huo mlango mpya, na maji ya kisima?

Bandarini_TZ
Mlango mpya: osha tu. Klei na waksi subiri. Rangi iliyokauka kwa hewa bila oveni inaendelea kutoa mvuke wa thina kwa wiki kadhaa, ukiiziba kwa waksi inaweza kufifia au kuweka malengelenge. Siku 60 hadi 90 ni salama. Muulize fundi aliyepiga kama alitumia oveni.

Maji ya kisima yasikauke juu ya bodi hata kidogo. Lowesha tena paneli ulizokwisha maliza wakati unaendelea na nyingine, na mwisho suuza kwa ndoo moja ya maji ya mvua au ya bomba, ukimwaga polepole kutoka juu ili maji yateremke kama shuka. Kausha kwa taulo kubwa la maikrofaiba: litandaze, livute, usisugue. Vidoa vyeupe vilivyopo tayari vitoe kwa siki nyeupe nusu kwa nusu na maji, dakika moja, kisha suuza vizuri. Fanya hivyo kabla ya waksi, kwa sababu siki inaidhoofisha.

MamaWaNoah
Nimalizie waksi. Watu wengi wanapaka nyingi, na hapo ndipo kazi inapogeuka adhabu. Zungusha sponji kwenye kopo robo duara tu, hiyo inatosha nusu ya boneti. Ukipaka uone ukungu mwembamba, karibu usiuone. Subiri dakika 10, pitisha kidole: njia ikiwa safi na inang'aa, futa, ikichafuka, subiri. Futa kwa kitambaa cha kwanza, malizia kwa cha pili kilicho safi. Mkono wa pili paka kesho yake. Kwa jua la Pwani, kanauba hesabu wiki sita hadi nane. Maji yakiacha kujikusanya matone ya duara na kuanza kulala bapa, rudia.

Vitambaa vya maikrofaiba vifue peke yake, bila dawa ya kulainishia nguo.

Mwanagati88
Na plastiki nyeusi za pembeni, nimeona waksi inaacha weupe.

MamaWaNoah
Zibe kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi kabla hujaanza. Waksi ikishaingia, tumia mswaki laini na maji ya moto yenye shampuu, mara mbili tatu, ukifuata mistari ya plastiki yenyewe.