Naomba ushauri: uvimbe wa kongosho umerudi, na kuna mtu anatuuzia "seli shina"

Wakuu, habari za leo. Mzee wangu ana saratani ya kongosho. Ilianza kwa macho ya njano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Dripu za jemsitabini, dawa ya kemo (tiba ya kuua seli za saratani), zilipunguza uvimbe, tukachinja hadi kuku. Baada ya miezi mitano umerudi, safari hii hadi kwenye ini.

Nikaanza kusoma. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kuwa ndani ya uvimbe huu kuna seli shina za saratani, chini ya 1%, zenye uwezo wa kuuotesha upya. Seli 100 tu zilitosha kuotesha uvimbe kwa baadhi ya panya. Kemo huua zaidi seli zinazogawanyika haraka. Hizi seli shina hutulia kama mbegu ya magugu.

Sasa jamaa anatuuzia vidonge vya "seli shina" kwa milioni mbili na nusu. Nahisi anachanganya mambo, au anatuchanganya sisi. Shemeji ameshaanza kuulizia bei ya shamba.

Wenye uzoefu, kuna dawa iliyoidhinishwa inayolenga seli hizo? Na Jumatatu nimuulize nini daktari: kubadilisha kemo, au kwanza maumivu? Mzee halali, usiku kucha anakaa kitandani ameinamia mto.