Orali ya unahodha: nisome kwa mzee hapa Mombasa au nisafiri?

Nanga_Tudor:
Wakuu, salaam. Nimeshuka melini juzi na sasa nataka kuingia orali, yaani mtihani wa mdomo, ya unahodha. Kuna nahodha mstaafu anafundisha watu wachache jioni, sebuleni kwake Nyali. Au niende South Shields, Uingereza, nikakae darasani mpaka siku ya mtihani. Pesa zipo za kimoja tu. Nichague lipi?

ChifuMakupa:
Tiketi yako ya sasa, cheti chako cha uofisa, imetolewa na nchi gani? Meli za aina gani? Chifu ofisa, yaani msaidizi wa kwanza wa nahodha, umekaa muda gani? Utashauriwaje hivi?

Nanga_Tudor:
Samahani chifu. Meli za kontena. Uchifu nimeshika kitambo.

ChifuMakupa:
Kitambo si jibu. STCW, mkataba wa kimataifa wa vyeti vya mabaharia, inataka miezi 36 ya uofisa wa zamu, au 24 ikiwa ndani yake 12 ulikuwa chifu. Na tiketi ya wapi bado hujasema.

Bi_Dira:
Kaka, chifu anakubana kwa haki. Mtahini wa Uingereza atakuchimba matangazo ya M ya kwao, yaani maelekezo ya serikali yao kwa meli. Wa KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, atataka sheria yetu ya meli ya 2009. COLREG, kanuni za kuzuia meli kugongana, ndiyo ile ile popote uendako.

Ila mimi kura yangu ni kwa mzee. Darasani mko wengi, anayejibu kila siku ni yule yule mwenye mdomo. Sebuleni huna pa kujificha. Wetu alikuwa na vijimeli vya mbao, anavipanga mezani: "Hii wewe. Hii ni mwangwi wa rada, mbele kuliani. Ukungu umefunga, humwoni. Fanya." Ukinyamaza anakisukuma kile kijimeli kwa kidole, taratibu, kinakujia. Ukianza kutaja kanuni za meli zinazoonana kwa macho anapiga funda la kahawa kwanza, halafu anauliza, "Umemwona kwa macho gani?" Kanuni ya 19, ile ya ukungu, haijanitoka mpaka leo.

Baharia_Mtopanga:
Si wazee wote, dadangu. Mimi nilimlipa mmoja, simtaji, pesa zote mbele. Akaja na faili la karatasi zilizotolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimefifia. Ati maswali ndiyo haya, hayabadiliki. Tukakariri kama watoto wa chuoni.

Naingia kwa mtahini, naulizwa takataka za meli. Nikatiririka: chupa na mikebe, ukipita maili 12 kutoka nchi kavu, tupa. Mtahini akaweka kalamu chini. Kumbe Kiambatisho cha Tano cha MARPOL, mkataba wa kuzuia meli kuchafua bahari, kilibadilishwa tangu Januari 2013. Sasa msingi wake ni marufuku kutupa, isipokuwa vitu vichache vilivyotajwa, kama mabaki ya chakula, navyo kwa masharti. Akanionea huruma, akahamia kwenye mafuta: kiwango cha salfa nje ya maeneo maalumu? Faili linasema asilimia 3.50. Ni 0.50 tangu Januari 2020! Baada ya hapo hata ningemtajia jina langu angetaka kuona kitambulisho. Vijimeli hatukuvifikia.

Nampigia mwalimu, ananiambia mtahini ana roho mbaya. Shilingi hakurudisha, na nasikia faili bado linazunguka mjini.

Bi_Dira:
Pole sana. Lakini hilo ni la yule mwalimu, sebule haina kosa. Nanga, mtegee huyo wa Nyali swali la salfa kabla hujatoa pesa.

MwanaLikoni:
Mimi ni serahangi tu, msimamizi wa mabaharia wa sitaha, niruhusuni swali. Meli inaingia bandari ya Kilindini, feri imekata mbele yake. Nani ampishe mwenzake?

ChifuMakupa:
Feri. Kanuni ya 9: usikate njia nyembamba ukamzuia asiyeweza kupita kwingine. Limekwisha.

MzeeKilindini:
Polepole, chifu. Ukitoka baharini kisiwa cha Mombasa kiko kuliani. Feri ikiondoka upande wa mjini kwenda Likoni inakujia kulia. Kanuni ya 15 yasemaje? Njia zikikatana, anayemwona mwenzake kuliani ndiye anayepisha. Na ya 8(f) inasema hata yule asiyetakiwa kuzuiwa bado amefungwa na kanuni zote, hatari ya kugongana ikishaingia. Ukimwambia mtahini "feri" ukanyamaza, umekwisha. Anataka kusikia utafanya nini: honi tano fupi za haraka, mwendo, usukani. Rubani wa bandari yuko kwenye chumba cha kuongozea meli, naam, lakini dhamana haijakutoka.

ChifuMakupa:
Mzee, kwa mkondo ule, na meli ya mita 200 na ushee, nipunguze mwendo mpaka usukani ukatae?

MzeeKilindini:
Mwendo unaupanga kabla hujafika Ras Serani, pale mlangoni kabla ya feri, mwanangu. Ukiwa mbele ya feri umeshachelewa.

ChifuMakupa:
Shikamoo mzee, lakini Kanuni ya 9 sijaiacha.

MwanaLikoni:
Na feri ikizima injini katikati ya maji je? Huwa inatokea, na watu wamejaa tele.

Baharia_Mtopanga:
Itundike mipira miwili myeusi, ishara kwamba haipo chini ya amri, yaani haiongozeki. Usiku taa mbili nyekundu. Kama mipira wanayo 😂

Nanga_Tudor:
Wakuu, nilisahau. Tiketi yangu ni ya KMA. Ila kampuni inayoniita wametaja Uingereza.

ChifuMakupa:
Ya Rabi! Si ndiyo niliyokuuliza tangu asubuhi?

Bi_Dira:
Wametaja vipi? Wanataka tiketi ya Uingereza yenyewe, au meli ina bendera ya Uingereza na wanataka tiketi yako iidhinishwe kwao? Hayo ni mambo mawili mbali. Na kama ni tiketi yenyewe, orali ya kule huingii bila barua yao ya kukuruhusu. Umeiomba?

Nanga_Tudor:
Ngoja nisome tena barua pepe yao.

MwanaLikoni:
Mzee Kilindini, feri imezima, mkondo unaivuta, meli imeshapita Ras Serani. Hapo nahodha afanye nini?